Rizoto ya mboga: Wali laini usiohitaji wingi wa siagi

KATIKA nyumba nyingi humu nchini, siku mzazi anapoambiwa na daktari kwamba shinikizo la damu limepanda au kwamba sukari imezidi mwilini, mabadiliko ya kwanza huonekana jikoni. Sufuria huwa mbili. Moja hupika chakula cha jamaa wote, chenye mafuta na chumvi ya kutosha, na nyingine ndogo huwekwa kando kupika mboga zilizochemshwa zisizo na ladha kwa ajili ya mgonjwa. Baada ya majuma machache mgonjwa huchoka na sufuria yake, akarejea katika ile kubwa.

Hatari ya jambo hili si ndogo. Utafiti wa kitaifa wa STEPwise uliofanywa humu nchini mnamo 2015 ulibainisha kwamba takriban robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba watu 94 katika kila 100 hawakuwa wakila kiasi cha matunda na mboga kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), yaani angalau gramu 400 kwa siku. Shirika hilo pia linashauri kwamba mtu mzima asile zaidi ya gramu tano za chumvi kwa siku, kiasi kisichozidi kijiko kimoja cha chai.

Dawa ya sufuria mbili ni kupata chakula ambacho mgonjwa na mzima wanaweza kuketi wakala pamoja bila yeyote kuona kwamba amenyimwa. Rizoto ya mboga, chakula cha wali kutoka kaskazini mwa Italia, ni mojawapo ya vyakula hivyo, mradi mpishi aelewe siri yake. Wengi huamini kwamba ulaini wa rizoto hutokana na siagi, malai na jibini. Ukweli ni kwamba ulaini huo hutoka katika punje yenyewe ya mchele. Mpishi anayejua kuutoa anaweza kupunguza mafuta na chumvi kwa kiasi kikubwa, na bado akapakua chakula kinachoteleza ulimini.

Asili yake

Jina rizoto limetokana na neno la Kiitaliano linalomaanisha mchele. Inaaminika kwamba Waarabu ndio walioeneza kilimo cha mpunga katika Uhispania na kisiwa cha Sicily, lakini zao hilo lilikuja kupata makao yake makuu katika bonde la mto Po, kaskazini mwa Italia, ambako ardhi ni tambarare na maji ni tele. Barua moja ya 1475 ya mtawala wa Milan, Galeazzo Maria Sforza, inataja magunia 12 ya mbegu za mpunga yaliyopelekwa kwa mtawala wa Ferrara. Kati ya 1863 na 1866 ulichimbwa mfereji mkubwa wa Cavour ili kuyafikisha maji ya mto Po katika mashamba ya Vercelli na Novara. Hadi leo Italia ndiyo inayoongoza kwa uzalishaji wa mchele katika Muungano wa Ulaya.

Kila eneo la kaskazini lina rizoto yake. Wakazi wa Milan hupika ya zafarani, yenye rangi ya dhahabu. Wa Mantova, mji unaosifika kwa maboga, huchanganya mchele na boga. Katika jiji la Venice, kila tarehe 25 Aprili, siku ya Mtakatifu Marko, huliwa wali laini uliopikwa na minji michanga, na wapishi wenye uzoefu huyachemsha maganda ya minji hiyo ili kupata supu ya kupikia. Kwa hivyo rizoto ya mboga ni ya tangu jadi, wala haikubuniwa juzi kwa ajili ya wanaotaka kupunguza uzani.

Humu nchini chakula hiki kinajulikana zaidi katika mji wa Malindi. Waitaliano walianza kufika huko kwa wingi katika miaka ya 1960, wakati serikali yao ilipoanzisha kituo cha San Marco cha kurushia setilaiti karibu na Ngomeni. Setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka jukwaa la baharini la kituo hicho iliondoka mnamo Aprili 1967. Watalii na walowezi walifuata, na pamoja nao mikahawa ya Kiitaliano ambamo wapishi wengi wenyeji walijifunza kupika rizoto.

Siri iliyomo ndani ya punje

Mpishi wa Pwani akiiona rizoto kwa mara ya kwanza huenda akadhani kwamba ni mashendea, au kwamba mpishi amekosea kipimo cha maji wali ukawa bokoboko. Katika pilau na biriani, sifa ya wali ni kuchambuka, kila punje ikasimama peke yake. Wali ulioshikana ni aibu ya mpishi. Rizoto hufuata kanuni tofauti. Punje zake hubaki nzima na ngumu kidogo katikati, lakini huogelea katika urojo mzito uliotokana na punje hizo hizo.

Urojo huo ni wanga. Wanga wa mchele una sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Amilopektini ndiyo inayofanya wali unate. Punje inapokorogwa katika supu ya moto, wanga ulio juu yake hutoka na kuifanya supu kuwa nzito. Amilosi nayo husaidia punje isivurugike. Mchele mwafaka kwa rizoto ni ule wenye punje fupi au za wastani, nene, na zenye wanga wa kutosha wa kutoa urojo bila punje yenyewe kuporomoka.

Nchini Italia aina zinazotumika sana ni Arborio, iliyopewa jina la mji mmoja katika mkoa wa Vercelli, Carnaroli, ambayo wapishi wengi huipenda kwa sababu haivurugiki upesi, na Vialone Nano, inayopendwa katika eneo la Veneto. Arborio hupatikana katika maduka makubwa ya Nairobi na miji ya Pwani, ingawa bei yake ni ya juu.

Asiyeweza kuinunua hana haja ya kukata tamaa. Pishori ya Mwea, ambayo ni fahari ya Kirinyaga, haifai kwa kazi hii, kwa kuwa punje zake ndefu huvunjika zikikorogwa na hazitoi urojo wa kutosha. Ni vyema ihifadhiwe kwa pilau. Aina zisizonukia zinazokuzwa Mwea na Ahero, ambazo hushikana zinapoiva na ambazo kwa kawaida huuzwa kwa bei nafuu kuliko pishori, ndizo zinazokaribia zaidi. Mnunuzi atazame punje. Akiona ni fupi na nene, anaweza kuzijaribu. Hazitatoa rizoto iliyo sawa kabisa na ya Milan, lakini zitatoa wali laini na mtamu.

Kuna tahadhari moja inayokwenda kinyume na mazoea ya jikoni mwetu. Mchele wa rizoto huchambuliwa kuondoa mawe na makapi, lakini hauoshwi. Kuuosha ni kumwaga wanga ambao ndio unaohitajika. Ikiwa mchele umenunuliwa sokoni kwa kupimiwa na una vumbi, usuuzwe mara moja tu kwa haraka, kisha uchujwe na kuachwa ukauke kabla ya kukaangwa.

Supu ndiyo msingi

Chumvi nyingi katika rizoto huingia kupitia supu. Vipande vya kuongeza ladha vinavyouzwa madukani hurahisisha kazi, lakini chumvi ndiyo kiungo kikubwa katika vingi vya hivyo. Supu inapopungua sufuriani kwa kuchemka, chumvi hiyo hubaki yote katika wali, na mwishowe jibini huongeza nyingine. Mtu mwenye shinikizo la damu anaweza kumaliza kiwango chake cha siku nzima katika sahani moja.

Supu ya nyumbani haina gharama, kwa kuwa hutengenezwa kwa vitu ambavyo aghalabu hutupwa. Vinavyohitajika ni ncha za karoti, kitunguu kimoja kilichokatwa mara mbili, mabua ya dania, majani ya nje ya liki au seleri, nyanya moja, mashina ya uyoga, na maganda ya minji yaliyooshwa vizuri. Vyote hutiwa katika lita mbili za maji pamoja na punje chache za pilipili manga, vikachemshwa kwa moto mdogo kwa muda wa dakika 40, kisha vikachujwa. Majani ya kabeji na ya sukumawiki yasitiwe, kwani yakichemshwa kwa muda mrefu hutoa harufu kali na uchungu.

Supu hii isitiwe chumvi. Chumvi itatiwa mwishoni, baada ya mpishi kuonja.

Mahitaji

Vipimo vifuatavyo vinatosha watu wanne:

- Mchele wa punje fupi na nene, gramu 300 (kikombe kimoja na nusu)
- Supu ya mboga isiyo na chumvi, lita moja na nusu
- Boga lililomenywa, gramu 400
- Minji iliyobanduliwa, kikombe kimoja
- Karoti moja kubwa
- Mchicha, ambao katika eneo la Kati hujulikana kama terere, konzi mbili zilizojaa
- Kitunguu maji kimoja cha wastani
- Vitunguu saumu, tembe mbili
- Mafuta ya zeituni au ya alizeti, vijiko viwili vikubwa
- Siagi, kijiko kimoja cha chai
- Jibini ngumu iliyokunwa, gramu 40 (kama vijiko vinne vikubwa)
- Limau moja
- Pilipili manga, na chumvi kidogo sana

Mapishi mengi ya kale hutia divai nyeupe baada ya mchele kukaangwa, ili uchachu wake uukate uzito wa wanga na mafuta. Kwa wasiotumia pombe, maji ya limau yanaitekeleza kazi hiyo vyema. Isitoshe, limau lina vitamini C, ambayo huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga za majani. Kwa kuwa vitamini hiyo huharibiwa na joto, sehemu kubwa ya limau hukamuliwa mwishoni, sufuria ikiwa imekwisha kuepuliwa.

Kuhusu jibini, ile inayotumika Italia ni Parmigiano Reggiano. Wasiokula nyama kabisa wafahamu kwamba jibini hiyo hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotolewa katika tumbo la ndama. Wao, pamoja na wale wanaozingatia masharti ya dini kuhusu kuchinja, wanaweza kutafuta jibini ngumu ambayo maandishi ya pakiti yake yanaonyesha kwamba haina kimeng'enya cha mnyama.

Jinsi ya kuandaa

Kwanza, boga hukatwa vipande vidogo na kugawanywa mafungu mawili. Fungu moja huchemshwa katika supu kidogo hadi lilainike, likapondwa kuwa rojo na kuwekwa kando. Rojo hili ndilo litakalochukua nafasi ya siagi nyingi. Fungu la pili hubaki lilivyo. Karoti hukatwa vipande vidogo sana. Mchicha huoshwa na kukatwakatwa. Kila kitu kiwe tayari kabla ya moto kuwashwa, kwa kuwa mchele ukishaingia sufuriani hautampa mpishi nafasi ya kumenya chochote.

Pili, supu hubandikwa kwenye meko ya kando kwa moto mdogo. Ni lazima iwe ya moto wakati wote. Supu baridi ikitiwa hukatiza upishi, na punje huiva nje huku ndani zikisalia mbichi. Mwenye jiko moja la makaa anaweza kuihifadhi supu katika chupa ya chai.

Tatu, mafuta hutiwa katika sufuria pana yenye kitako kizito. Kitunguu kilichokatwa vidogo hukaangwa kwa moto wa wastani hadi kilainike bila kubadilika rangi, kwa muda wa dakika tano hivi. Karoti, fungu la boga lililosalia na vitunguu saumu hufuata, vikakaangwa kwa dakika tatu. Mafuta haya yasiondolewe kabisa kwa nia ya kuufanya mlo uwe wa afya zaidi. Rangi ya manjano ya boga na karoti ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na karotini hufyonzwa vyema ikiwa pana mafuta kidogo.

Nne, mchele mkavu hutiwa na kugeuzwa kwa dakika mbili au tatu, hadi kila punje ishike joto na kung'aa. Hatua hii huipa punje nguvu ya kustahimili kukorogwa. Mchele usiachwe uwe wa kahawia. Kisha kijiko kimoja cha maji ya limau hutiwa, kikakorogwa hadi kikauke.

Tano, upawa mmoja wa supu ya moto hutiwa, mchele ukakorogwa kwa mwiko. Supu inapokaribia kunywewa yote, upawa mwingine hutiwa, na hivyo hivyo hadi mwisho. Haba na haba hujaza kibaba. Anayemwaga supu yote kwa mara moja hupata wali wa kawaida, kwa kuwa punje hazisuguani vya kutosha kutoa wanga. Hata hivyo, hakuna haja ya kukoroga bila kupumzika. Yatosha kugeuza mara kwa mara, na kuhakikisha kwamba wali haushiki chini. Moto uwe wa wastani, mchuzi ukitokota taratibu.

Sita, baada ya dakika 10 minji hutiwa. Minji ya barafu hutiwa baadaye, zikisalia dakika tano. Rojo la boga huchanganywa wakati huo huo wa mwisho. Mchicha hutiwa zikisalia dakika mbili, ubaki na rangi yake ya kijani.

Saba, wali unapoiva sufuria huepuliwa. Siagi na jibini hutiwa, wali ukakorogwa kwa nguvu kwa nusu dakika, kisha ukafunikwa na kuachwa utulie kwa dakika mbili. Hapo ndipo mafuta, jibini na wanga vinaposhikana kuwa kitu kimoja. Limau lililosalia hukamuliwa, pilipili manga hunyunyizwa, na sasa mpishi huonja. Mara nyingi atagundua kwamba jibini imekwisha kutia chumvi ya kutosha. Ikihitajika, atie kidogo tu.

Kujua kwamba umeiva

Swali linalowatatiza wengi ni la wakati. Vitabu vya Italia husema dakika 17 au 18. Mkazi wa Mombasa au Malindi anaweza kukaribia muda huo. Mkazi wa Nairobi, Nakuru au Eldoret asiutarajie. Katika nyanda za juu hewa ni nyepesi, na maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Jijini Nairobi, maji huchemka katika takriban nyuzi 94 au 95. Kwa hivyo mchele huchelewa kuiva na hutumia supu zaidi, kwa kuwa nyingine hupotea kwa mvuke. Mpishi wa bara ajiandae kwa dakika 22 hadi 25, na awe na supu ya akiba.

Kipimo cha kutegemewa zaidi kuliko saa ni ulimi. Katika mapishi yetu, wali wenye kiini ni wali ambao haujaiva, na mpishi hulaumiwa kwa kuuleta mezani. Katika rizoto, kiini kidogo mno hutakikana. Punje ikitafunwa iwe laini nje, na katikati ikaze kidogo bila kuwa na unga. Asiyependa hali hiyo anaweza kuongeza dakika mbili bila kuharibu chochote.

Kipimo cha pili ni jicho. Mwiko ukipitishwa katikati ya sufuria, njia inayoachwa ijifunge polepole. Ikijifunga papo hapo, mchuzi ni mwingi. Ikibaki wazi, wali umekauka, na upawa mmoja wa supu utaurekebisha. Ukipakuliwa kwenye sahani, utandazike wenyewe. Waitaliano husema rizoto nzuri huenda kama wimbi sahani inapoinamishwa. Ikisimama kama kilima cha ugali, imezidi kukauka.

Rizoto haingojei. Hata baada ya kuepuliwa, punje huendelea kunywa mchuzi, na baada ya robo saa huwa imekaza. Walaji ndio wanaopaswa kuingoja mezani.

Faida na mipaka yake

Kwa vipimo vilivyotolewa, kila mlaji hupata gramu 75 za mchele mbichi na karibu gramu 200 za mboga, yaani nusu ya kiasi cha siku kinachopendekezwa na WHO. Siagi ni kijiko kimoja cha chai kwa watu wanne, ilhali yapo mapishi yanayotumia gramu 80 au zaidi. Minji na jibini huleta protini, kwa hivyo nyama si lazima. Anayetaka kuongeza protini anaweza kutia konzi ya maharagwe au kunde zilizochemshwa.

Hata hivyo, isisemwe kwamba chakula hiki ni tiba. Mchele mweupe huigeukia damu upesi kuwa sukari, na hilo halibadiliki kwa sababu umepikwa kwa ustadi. Mwenye ugonjwa wa kisukari anapaswa kufuata kipimo alichopewa na daktari au mtaalamu wa lishe, na kuiachia mboga sehemu kubwa zaidi ya sahani. Kwake, huenda ikafaa kuuacha mchele kabisa na kutumia shayiri.

Hilo nalo lina asili yake Italia. Katika maeneo ya milimani ya kaskazini mashariki, hasa Friuli na Trentino, hupikwa chakula kinachofanana na rizoto kwa shayiri iliyokobolewa. Shayiri ina aina ya nyuzinyuzi iitwayo betaglukani, ambayo hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu na husaidia kupunguza lehemu. Humu nchini shayiri hukuzwa katika maeneo kama Narok, Mau Narok na Timau, ingawa sehemu kubwa yake huishia katika viwanda vya pombe. Ile ya kupikia huuzwa katika maduka makubwa. Hupikwa kwa utaratibu ule ule, ila huhitaji dakika 35 hadi 45 na supu zaidi. Mchele wa kahawia pia unafaa, lakini uchemshwe nusu kabla ya kuanza, la sivyo mpishi atakoroga karibu saa nzima.

Mboga za kila msimu

Uzuri mwingine wa rizoto ni kwamba haichagui mboga. Kanuni ni moja: ngumu hutangulia na laini hufuata. Karoti, boga na viazi vitamu huingia pamoja na kitunguu. Pilipili hoho, maharagwe mabichi na minji huingia katikati. Mchicha, spinachi, majani ya kunde na dania huingia mwishoni. Uyoga hukaangwa kando kwa moto mkali hadi maji yake yakauke, ukachanganywa dakika za mwisho, kwani ukitiwa mapema huufanya wali uwe na rangi ya matope. Nyanya zimenywe na kuondolewa mbegu. Managu ichemshwe kwanza na maji yake kumwagwa ili uchungu upungue, kisha itiwe kwa kiasi.

Mboga mbili au tatu zinatosha kwa mara moja. Zikizidi, ladha hupigana, na mlaji hajui anakula nini.

Makosa ya kuepuka

Miongoni mwa makosa ya kawaida ni kutumia sufuria nyembamba na ndefu, ambamo wali wa chini huungua wa juu ukiwa mbichi. Jingine ni kutia malai. Malai huficha ladha ya mboga, huongeza mafuta, na aghalabu hutumiwa kuficha wali ambao haukukorogwa inavyostahili. Kosa la tatu ni kutia chumvi mwanzoni, kabla mchuzi haujapungua. La nne ni kupunguza kitunguu ilhali ndicho kinachotia utamu wa msingi katika mlo wenye chumvi kidogo.

Kiporo nacho kina masharti. Wali uliopikwa ukiachwa nje kwa saa nyingi unaweza kuota bakteria wenye sumu ambayo haiondoki hata wali ukipashwa moto. Rizoto iliyobaki itandazwe kwenye sahani ipoe haraka, iwekwe katika jokofu kabla ya saa mbili kupita, na iliwe siku inayofuata baada ya kupashwa moto barabara mara moja tu. Isiyekuwa na jokofu nyumbani apike kiasi kitakachomalizika. Wakazi wa Milan hukigandamiza kiporo kuwa mkate bapa na kukikaanga pande zote mbili. Kwenye kikaango kisichoshika, kijiko kimoja cha chai cha mafuta kinatosha, na watoto hukipenda kikiwa cha kiamshakinywa.

Mpishi anayeijaribu kwa mara ya kwanza asivunjike moyo wali ukikaza au ukilegea kupita kiasi. Baada ya mara mbili au tatu, mkono utazoea kujua ni lini upawa mwingine wa supu unahitajika. Kufikia hapo, sufuria ile ndogo ya mgonjwa itakuwa imerudi kabatini, na jamaa wote watakuwa wakipakuliwa kutoka chungu kimoja.